Mashimo ya aina mbili: uchambuzi wa kisa cha puli nane za aluminiamu, Nakuru

## Usuli

Mhusika ni fundi wa pampu za maji anayeishi pembezoni mwa jiji la Nakuru. Kwa miaka michache amekuwa akisubu aluminiamu, yaani kuiyeyusha na kuimimina kwenye kalibu za mchanga, nyuma ya nyumba yake siku za Jumapili: herufi za milango, vishikio vya kabati, nembo za malango. Ni vitu vidogo na vyembamba, ambavyo hata vikitoka na doa hakuna anayeumia. Jina, mtaa na tarehe vimeondolewa. Vipimo vimeachwa kama vilivyokuwa kwenye daftari lake, kwa kuwa bila vipimo kisa hiki hakina la kumfaa msomaji.

Tanuri lake ni pipa la bati la kipenyo cha sm 36, lililopigwa ndani tabaka la sm 7 la dayatomaiti ya Kariandusi, ule udongo mweupe mwepesi kama unga unaochimbwa karibu na Gilgil, ukichanganywa na udongo wa mfinyanzi. Dayatomaiti huzuia joto lisitoroke, lakini haipendi kugongwa wala kukwanguliwa, kwa hiyo uso wa ndani umesiribwa udongo mtupu wenye unene wa kidole. Moto ni wa makaa, upepo ni wa blowa ya umeme. (Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni hafifu kwa takriban asilimia 20 kuliko ya Mombasa. Anayenakili tanuri la Pwani bila kuongeza upepo atangoja mpaka giza liingie.) Chungu cha kuyeyushia ni kipande cha bomba la chuma chenye upana wa sm 11 na kina cha sm 25, kilichochomelewa kitako.

Kisha ikaja kazi ya pesa. Fundi wa mashine za kusaga unga alitaka puli 8 (magurudumu ya kuendeshea mikanda ya mashine) ndani ya wiki 3: kipenyo mm 200, mifuo 2 ya mikanda ya aina ya B, kitovu cha mm 70 na tundu la shafti la mm 35. Puli za namna hiyo madukani ni za chuma cha kalibu. Mteja alitaka aluminiamu kwa sababu ni nyepesi na alitarajia bei ya chini. Mifuo ingekatwa kwenye leithi (mashine ya kukerezea) ya mkereza mmoja wa mjini, kwa hiyo kazi ya fundi ilikuwa kutoa gurudumu zima: ukingo wa nje wenye unene wa mm 28, bamba la kati la mm 12, na kitovu.

Hapo ndipo tatizo lilipozaliwa, kabla hata makaa hayajawashwa. Nene, nyembamba, nene: umbo hilo ni gumu kusubu kuliko linavyoonekana.

## Mimino minne ya kwanza

Mmimino wa 1. Malighafi ilikuwa mabaki ya fremu za madirisha, sufuria zilizotoboka na makopo ya soda. Chuma, yaani aluminiamu iliyoyeyuka, kiliingia kwa milango miwili ya kumiminia iliyokuwa ukingoni, kikagandia njiani. Bamba la kati lilitoka na pengo la ukubwa wa kiganja, kingo zake zikiwa za mviringo kama nta iliyopoa. Makopo yenyewe yaliishia kuwa utando wa juu zaidi kuliko chuma, kwa maana kopo ni jembamba na sehemu yake huungua kabla ya kuyeyuka.

Mmimino wa 2. Fundi aliona chuma kilikuwa baridi, akaongeza moto. Hakuwa na kipimajoto. Alikisia kwa rangi ya chungu, na safari hii kilikuwa chekundu cha kuelekea machungwa, rangi ambayo kwenye chuma huja nyuzi 850 na zaidi. Kalibu ilijaa vizuri na puli ikatoka na umbo kamili. Ilipofungwa kwenye leithi na kisu kikala mm 3 za kwanza, uso wote ulikuwa vitundu vya ukubwa wa kichwa cha pini, na ndani ya tundu la kitovu kulikuwa na pango ambalo kidole kingeingia. Mkereza alizima mashine akasema, "Kijana, hii umepika mandazi."

Hakuwa mkali kupita kiasi. Kwa mizunguko 1,450 kwa dakika, ukingo wa puli ya mm 200 hukimbia karibu mita 15 kwa sekunde. Kikimeguka kipande, kitakwenda alipo mtu.

Mmimino wa 3. Fundi alishauriwa mambo mawili: aongeze moto tena, na achovye kiazi kibichi kwenye chuma kilichoyeyuka ili "kitoe hewa". Viazi Nakuru si haba, akachovya. Chuma kilitokota kwa kishindo na utando ukaongezeka. Puli ilitoka mbaya kuliko ya pili.

Mmimino wa 4 haukufika kwenye kalibu. Chungu kilitoboka kitakoni ndani ya tanuri, na takriban kilo 1.5 za chuma zikapita kwenye majivu hadi sakafuni. Hakuna aliyeumia, kwa sababu moja tu: tanuri lilikuwa juu ya kitanda cha mchanga mkavu wa kina cha sm 10. Kama lingekuwa juu ya saruji, unyevu uliojificha ndani ya saruji ungegeuka mvuke kwa mara moja na kurusha vipande vya sakafu pamoja na chuma cha moto.

Zilikuwa zimepita siku 9 kati ya 21.

## Kusimama na kupasua

Uamuzi ulioliokoa zoezi hili ulikuwa wa kuacha kuwasha moto kwa siku 2. Puli ya pili ilipasuliwa katikati kwa msumeno wa chuma, ikasuguliwa kwa msasa namba 120, 240 kisha 400 wenye maji, na ikatazamwa juani kwa kamera ya simu iliyokuzwa.

Picha ilionyesha mashimo ya aina mbili yasiyofanana hata kidogo.

Aina ya kwanza yalikuwa ya duara, kuta zake laini na zinazong'aa, yakiwa yametawanyika ukingoni, kwenye bamba, kila mahali. Hayo ni ya gesi, na gesi yenyewe ni haidrojeni. Aluminiamu iliyoyeyuka hubeba haidrojeni karibu mara 20 ya ile inayoweza kubeba ikiganda, na kadiri inavyopata moto ndivyo inavyomeza zaidi. Inapoganda, gesi haina pa kwenda, hubaki kama povu. Haidrojeni hiyo hutoka kwenye maji: unyevu wa mchanga, makaa yaliyolowa, mafuta ya injini kwenye skrapu, na katika kisa hiki, kiazi. Chuma hunyang'anya maji oksijeni yake na kuachiwa haidrojeni. Ndiyo maana ushauri wa kiazi ni mbaya: mtokoto unaoonekana kama gesi inatoka ni mvuke unaoingia.

Aina ya pili yalikuwa machache, makubwa, yenye kuta za kukwaruza zilizojaa vijiti vidogo kama matawi ya mkrismasi. Yote yalikaa mahali pamoja, pale kitovu kinapokutana na bamba. Hayo hayana uhusiano na gesi. Ni ya kusinyaa. Aluminiamu hupungua ujazo kwa karibu asilimia 6 inapoganda. Bamba la mm 12 liliganda kwanza, likafunga njia, na kitovu kilichokuwa bado maji kikabaki kisiwa kisicho na pa kunywa. Kikasinyaa kutoka ndani.

Kulikuwa na kundi la tatu la vitundu pia, navyo vya gesi, vilivyozunguka tundu la shafti peke yake. Tundu hilo lilifanyizwa kwa kiini cha mchanga ulioshikwa na molasi, ile ile ya ng'ombe inayouzwa katika maduka ya pembejeo. Molasi ni gundi nzuri ya viini, mradi kiokwe kwa takriban nyuzi 200 hadi kiwe kahawia iliyokolea mpaka ndani. Cha fundi kilikaa jikoni saa moja, nje kikaiva, katikati kikabaki kibichi, kikatoa gesi kilipoguswa na chuma cha moto.

Ili kujua hali ya gesi kwa namba badala ya macho, kipande cha ukingo kilipimwa uzito kwa mizani ya jikoni: g 402. Vitundu vya nje vilipakwa nta ya mshumaa ili maji yasiingie. Kisha bakuli la maji liliwekwa juu ya mizani, mizani ikarudishwa sifuri, na kipande kikaning'inizwa kwa uzi ndani ya maji bila kugusa kitako. Mizani ilisoma g 160, ambayo ni sawa na ml 160 za ujazo. Gawanya 402 kwa 160 upate g 2.51 kwa kila ml. Aluminiamu nzima ni takriban 2.7. Karibu asilimia 7 ya puli ilikuwa hewa.

Viwanda vikubwa vina kifaa cha kugandisha sampuli ndani ya ombwe, na hutoa haidrojeni kwa kupuliza agoni au naitrojeni kupitia bomba linalozunguka ndani ya chuma. Mtu wa nyumbani hana hivyo. Mizani na uzi vinatosha kumwambia kama leo amepika mandazi.

## Maamuzi na sababu zake

Skrapu. Madirisha na makopo yaliachwa, zikanunuliwa pistoni kuukuu kutoka gereji. Pistoni nyingi zina silikoni ya asilimia 11 hadi 13, na mchanganyiko huo huyeyuka chini ya nyuzi 600 na hutiririka vizuri kuliko aluminiamu ya fremu au sufuria. Kwa maneno mengine, tatizo la mmimino wa kwanza halikuwa moto mdogo. Lilikuwa aina ya chuma. Pini na ringi zilitolewa. Pistoni za dizeli zenye pete ya chuma kwenye mfuo wa juu zilipasuliwa kwa nyundo zikiwa za moto, kwani aluminiamu inayokaribia kuyeyuka hupoteza nguvu na kumeguka. Vyote viliokwa kando ya tanuri mpaka moshi wa mafuta ukaisha, vikayeyushwa mara moja na kumiminwa kwenye vitini kuwa matofali madogo. Siku ya kazi, matofali pekee ndiyo yaliyoingia chunguni.

Joto. Ilinunuliwa themokapo ya aina ya K, yaani kipimajoto cha waya kinachovumilia moto. Kikomo kikawekwa nyuzi 750, na kumimina ni nyuzi 720. Chungu kilichotoboka nacho kilikuwa na la kusema: aluminiamu ya moto hula chuma, na chuma kinachoyeyukia humo hutengeneza sindano ngumu zinazofanya kazi iwe ya kumeguka. Chungu kipya kilipakwa tabaka 2 za chokaa na udongo, kikakaushwa polepole, na hupakwa upya kila baada ya mimino 2. Ncha ya themokapo hupakwa vilevile. Chungu cha grafaiti kingekuwa bora, ila bajeti ilikataa.

Mchanga. Hapa ndipo palipokuwa na jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Mchanga ulichukuliwa kwenye mtaro jirani. Konzi moja ilipotumbukizwa majini, sehemu kubwa ilielea. Ilikuwa pamisi, vile vijiwe vyepesi vya kusugulia nyayo, ambavyo ardhi ya volkano ya Nakuru imejaa. Kila chembe ya pamisi ni sponji. Ili mchanga ushikane, fundi alikuwa akiongeza maji, na nusu ya maji hayo yakajificha ndani ya chembe yasihisiwe mkononi. Gramu 100 za mchanga ule zilikaushwa kwenye sufuria mpaka uzito ukakoma kushuka: zilibaki g 91. Unyevu wa asilimia 9, wakati mchanga mbichi wa kusubia unatakiwa kuwa 3 hadi 5.

Ulinunuliwa mchanga mwembamba unaozama, ukachekechwa kwa chujio la chai, ukachanganywa na udongo wa kichuguu uliosagwa: sehemu 10 za mchanga kwa 1 ya udongo. Maji yalinyunyizwa, hayakumwagwa, na mchanga ukalazwa usiku kucha chini ya gunia. Kipimo cha mkono: fumbata, fungua, vunja. Ukivunjika vipande viwili vyenye kingo kali bila kuchafua kiganja, uko tayari. Gramu 100 zilibaki 96.

Umbo. Bamba liliongezwa unene kutoka mm 12 hadi mm 18, na pembe zote za ndani zikapewa mviringo wa mm 8. Kiini cha molasi kiliachwa kabisa: kitovu kisubiwe kizima na tundu litobolewe kwenye leithi. Juu ya kitovu iliwekwa raiza ya mm 80 kwa kimo cha mm 90, yaani kisima cha akiba kinachoganda mwisho na kukinywesha kitovu kinaposinyaa. Raiza yenyewe ina uzito wa karibu kilo 1.2, nusu ya puli. Wengi huona huo ni uharibifu, hupunguza raiza, na hurudi kwenye pango lile lile. Chuma hicho hakipotei. Hukatwa na kurudi chunguni.

Ukingo ulibaki na shida yake: nao ni mnene, na uko mbali na raiza. Jibu lilikuwa vipande 8 vya chuma bapa cha mm 10 vilivyopangwa ndani ya mchanga kuuzunguka, vikigusana na pateni, yaani kielelezo cha mbao kinachoacha umbo la puli kwenye mchanga. Hivyo hupoza ukingo uanze kuganda kwanza, kisha bamba, kisha kitovu, raiza mwisho. Vipozaji hivyo sharti viwe vikavu na vya moto usioshikika kwa mkono wakati kalibu inafungwa, la sivyo mvuke wa mchanga huganda juu yake kama umande.

Pateni mpya ya mbao ilichongwa mm 209. Hesabu: mm 200 za puli, mm 3 za kukereza kila upande, jumla 206, halafu asilimia 1.3 ya kusinyaa. Kuta zililazwa nyuzi 2 ili itoke bila kubomoa mchanga, ikapigwa vanishi mara 3.

Mmiminiko. Chuma hakikorogwi. Utando wa juu huondolewa mara moja tu, kabla ya kumimina, na mdomo wa chungu hushushwa karibu na kalibu ili chuma kisianguke kutoka juu. Mwisho wa mmimino, chuma cha moto kilichobaki humiminwa moja kwa moja juu ya raiza, kisha raiza hufunikwa kwa majivu makavu ya pumba za mpunga. Pumba zilitoka Ahero kwa jamaa yake. Majivu hayo huzuia joto kiasi kwamba raiza ilibaki ya majimaji dakika kadhaa baada ya mlango wa kumiminia kuganda.

## Matokeo

Sampuli ya mmimino wa 5 ilikuwa g 415, ujazo ml 156: 2.66. Hewa chini ya asilimia 2. Kwenye leithi vilionekana vitundu vichache upande mmoja wa mfuo, vidogo kuliko kichwa cha pini, na mkereza akaipitisha.

Kati ya mimino 6 ya awamu ya pili, 5 zilikubaliwa. Mmimino wa 8 ulikataliwa: ukingoni palikuwa na safu ya mapovu makubwa, na ukihesabu nafasi zake unapata 8, kila moja mbele ya kipozaji. Asubuhi ile mvua ilinyesha, vipozaji viliwekwa vikiwa baridi kwa sababu makaa yalichelewa kushika.

Mkataba haukutimia. Puli 5 zilifika kwa wakati, na 3 mteja alizinunua dukani kwa gharama ya fundi. Kila puli ya kilo 2.6 ilihitaji kuyeyusha kama kilo 4.4, na ukijumlisha makaa, leithi na zile 3 za dukani, faida haikuwepo.

## Uchambuzi

Kosa ghali zaidi lilifanyika kati ya mmimino wa 2 na wa 3. "Mashimo" yalichukuliwa kuwa ugonjwa mmoja, dawa ikawa moto zaidi. Moto zaidi ulizidisha gesi, ukaongeza kiasi cha kusinyaa, na ukakila chungu. Puli ile ingepasuliwa siku ile ile, zingeokolewa siku 7. Kupasua kunachukua nusu saa, ila mkono wa fundi ni mzito kukata kitu alichokitolea jasho.

Haiwezekani kusema ni badiliko lipi lilisaidia kiasi gani, kwa kuwa skrapu, joto na mchanga vilibadilishwa pamoja. Kwa muda uliobaki huo ulikuwa uamuzi wa busara. Kwa anayejifunza nyumbani bila mteja mlangoni, ni afadhali kubadili kimoja kimoja na kupima kwa mizani kila mara. Upande wa umbo ushahidi uko wazi zaidi: pango la kitovu lilitoweka kabisa tangu mmimino wa 5, na hilo ni kazi ya raiza na unene wa bamba, si ya mchanga.

Kitanda cha mchanga mkavu kilikuwa sahihi tangu mwanzo. Viatu havikuwa sahihi: katika mmimino wa 4 fundi alivaa gambuti, ambazo humshikilia mtu chuma cha moto ndani. Buti za ngozi zisizo na kamba, suruali ikiwa nje ya buti, ndizo zinazofaa.

Kuna swali ambalo lilipaswa kuulizwa kabla ya kupokea kazi: je, puli hii ni ya aluminiamu kweli? Chuma cha kalibu huyeyuka karibu nyuzi 1,150 hadi 1,200, na tanuri la dayatomaiti halikujengwa kwa joto hilo, kwa hiyo nyumbani hakuna la kuchagua. Lakini unga na vumbi la mahindi hufanya mkanda uwe kama msasa, na mifuo ya aluminiamu huisha mapema. Kitovu nacho ni dhaifu pale inapokaa kii, kipande cha chuma kinachofunga puli na shafti zizunguke pamoja. Mashine ya kusaga huanza na kusimama kwa mshtuko, na kila mshtuko hupanua mfuo wa kii katika chuma laini.

Puli moja kati ya zile 5 ilirudi baada ya miezi 2 ikiwa hivyo hasa: mifuo ya mikanda mizima, ila kitovu kinacheza kwenye shafti. Ilitobolewa hadi mm 50, ikapashwa moto kwenye jiko kufikia nyuzi 200 hivi, na bushi (bomba fupi) ya chuma yenye kii yake ikadumbukizwa ikiwa baridi. Nne zilizobaki bado hazijaitwa zifanyiwe hivyo.